Krismasi ya Waliobaki Nairobi

Ikiingia wiki ya pili ya Desemba, swali linalozunguka Nairobi huwa ni moja. Utalisikia kwa kinyozi kule Kawangware, kwenye foleni ya mitungi ya maji pale Pipeline, na nje ya kanisa baada ya ibada ya pili: "Mnaenda nyumbani lini?" Hakuna anayeuliza kama mtaenda. Na anayejibu "mwaka huu tunabaki" huongeza sababu upesi, hata kama hakuombwa: nauli imepanda, ruhusa haikutoka kazini, Januari kuna karo. Majibu ya namna hiyo nayasikia zaidi kila mwaka. Ploti tunamoishi, ambayo miaka kumi iliyopita ilibaki na soja wa geti tu ikifika tarehe 25, Desemba iliyopita ilinukia chapati kutoka ghorofa ya chini hadi ya tano.

Hali hiyo imeleta maombolezo. Siku hizi Krismasi haina ladha, watu wanasema. Krismasi ilikuwa ile ya zamani. Wengine wanalaumu umaskini, kwamba ndio ulioiua sikukuu. Wengine wanalaumu kizazi hiki, kwamba kimekata mizizi na kumwacha Mungu wa babu zao pamoja na babu wenyewe. Naona pande zote mbili zimesoma vibaya kinachotokea. Familia ya Kikristo inayokula Krismasi kwenye nyumba ya kupanga Nairobi haijapata Krismasi pungufu. Kwa namna fulani imesogea karibu zaidi na pale Injili ilipoiweka. Lakini kuna jambo la pili ambalo sisi tunaobaki hatupendi kuambiwa. Kulikuwa na kazi ya kiroho iliyofanywa na wazee wetu kule kijijini kila Desemba. Sisi tulikuja mjini na tukaiacha huko, na mpaka leo hakuna aliyeishika.

Tuanze na safari yenyewe, maana tunaizungumzia kana kwamba ni mila iliyotoka kwa mababu wa kale. Sivyo. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na serikali ya kikoloni haikuikusudia iwe makao ya Mwafrika. Mwafrika alitakiwa aje, afanye kazi, kisha arudi alikotoka. Baada ya Vita Vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika aliyetoka nje ya eneo lake alilazimika kutembea na kipande kilichomwonyesha ni nani na anafanya kazi kwa nani. Sehemu kubwa ya nyumba walizojengewa wafanyakazi Waafrika katika mitaa ya mashariki ya jiji zilipimwa kwa kitanda: kitanda cha mwanamume aliyehesabiwa kuwa hana mke hapa. Mke, watoto, shamba na makaburi vilibaki kijijini. Katika mpangilio huo, likizo ya Krismasi ilikuwa dirisha. Baba alirudi na sukari, mkate na kitambaa cha nguo, akakaa siku chache, akaondoka. Kwa watoto wa vizazi viwili au vitatu, kuja kwa baba na kuja kwa Kristo vilifungwa kwenye siku moja. Ndiyo maana safari ile ina nguvu mioyoni mwetu hata leo, na sishangai mtu mzima akilengwa na machozi anapoikosa. Lakini tusisahau ilikotoka. Ilizaliwa na sheria iliyozitenganisha familia, na neema ya Mungu ikaota ndani ya ufa huo. Ile sheria imekwisha, ila lugha yake tumebaki nayo. Mtu ameishi Umoja miaka thelathini, amezaa na kulea pale, amezika mume kutoka pale, bado atakwambia Nairobi ana nyumba tu, nyumbani ni kwingine.

Sasa, hoja ya wanaosikitika si nyepesi, wala sitaki kuipita mbio. Safari ya kijijini ilibeba mengi kuliko nyama na soda. Kwetu Kakamega, baba alipokuwa hai, mbuzi hakuchinjwa kama kulikuwa na ndugu wawili wasiosalimiana. Aliwaita nyuma ya nyumba, wakazungumza, na sisi watoto tulijua mambo yamekwisha tukisikia kisu kikinolewa. Hakuwahi kulitaja agizo la Yesu la kuiacha sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Alilitenda. Usiku wa kuamkia Krismasi nyanya aliomba akiwataja wajukuu wote kwa majina, mmoja mmoja, hata aliyekuwa tumboni, na maombi yalikuwa marefu hivi kwamba wadogo walilala wakiwa wamepiga magoti. Kesho yake tuliongozwa kwenye makaburi, tukaambiwa huyu ni nani, yule alikuwa mtu wa namna gani, huyu ndiye aliyebatizwa kwanza katika mji huu. Mjane wa jirani alipelekewa sahani yake kabla ya sisi kupakuliwa. Sasa niambie, ni nani kati yetu tunaobaki Nairobi anafanya hata moja ya hayo manne? Wazee wanaposema Krismasi ya mjini haina kitu, mara nyingi hawasemi habari za chakula. Wanasema habari za kupatana, kuombewa kwa jina, kukumbuka na kugawa. Katika hayo wana haki, na hatuwezi kuwajibu kwa kuwaonyesha mti wa plastiki na taa zinazowaka na kuzima.

Upande wa pili nao una uzito wake. Nauli ya kwenda magharibi hupanda hata mara mbili katika siku chache kabla ya Krismasi. Wenye mabasi wanajitetea kwamba gari linakwenda limejaa na kurudi tupu, kwa hiyo abiria wa kwenda anailipia na ile njia ya kurudi. Familia ya watu watano ikipanda basi pale stendi ya Machakos hapa Nairobi, imemaliza karo kabla haijafika Limuru. Barabara nayo ina historia yake. Tarehe 31 Desemba 2017, basi lililotoka Busia liligongana na lori pale Migaa karibu na Salgaa, watu 36 wakapoteza maisha, na mabasi ya abiria yakapigwa marufuku kusafiri usiku kwa muda. Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana kanisani. Kwa baadhi ya watu, kijijini si mahali salama. Yupo mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji, msichana aliyefukuzwa akiwa na mimba, kijana ambaye kila mkutano wa familia ni kesi yake. Kumwambia mtu kama huyo kwamba asiporudi hajakula Krismasi ni kumfungia mlango wa sikukuu ambayo Mungu aliifungua kwa ajili yake.

Wanaotetea safari huwa na hoja moja ya Biblia, nayo ni nzuri: hata Yusufu alirudi kwao. Ni kweli. Luka anasema watu wote walikwenda kuandikwa, "kila mtu mjini kwao," na Yusufu akatoka Nazareti ya Galilaya akapanda hadi Bethlehemu, mji wa Daudi, kwa kuwa alikuwa wa ukoo huo. Kwa miguu ni safari ya kilomita zipatazo 150, karibu sawa na kutoka hapa hadi Nakuru, na mchumba wake ana mimba kubwa. Msomaji wa Kenya huielewa sura hii haraka kuliko msomaji wa Ulaya, maana anaijua safari ya namna hiyo. Lakini tuisome hadi mwisho. Kwanza, Yusufu hakusafiri kwa sababu ya sikukuu wala kwa mapenzi ya ukoo. Alisafirishwa na amri ya Kaisari Augusto, serikali ya kigeni iliyotaka hesabu ya watu. Katika hilo anafanana zaidi na yule mfanyakazi wa kipande kuliko na sisi wenye mizigo ya zawadi. Pili, alipofika kwao hapakuwa na nafasi. Biblia yetu inasema "hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni," na wengi tunawaza hoteli au gesti. Neno alilolitumia Luka kwa Kigiriki, hata hivyo, ndilo hilo hilo analolitumia katika sura ya 22 kwa chumba cha wageni ambamo Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake. Kwa gesti ya kulipia, katika mfano wa Msamaria mwema, alitumia neno jingine kabisa. Ndiyo maana wachambuzi wengi wa Maandiko wanaona kwamba Yusufu alifikia kwa watu, pengine jamaa zake, akakuta chumba cha wageni kimejaa, na mtoto akalazwa kwenye hori la mifugo, ambayo katika nyumba za kawaida za nchi ile ililala chini ya paa moja na watu. Aliyewahi kufika kijijini tarehe 24 usiku akakuta binamu wamelala hadi jikoni ataiona picha hiyo bila kuchorewa.

Kwa hiyo Luka haandiki kwamba wokovu unapatikana kwa kurudi kwenye ukoo. Anaandika kwamba mtoto alizaliwa katikati ya safari ya kulazimishwa, mahali pa kujibana, na wa kwanza kuitwa kumwona walikuwa wachungaji waliokuwa zamu ya usiku. Wachungaji wale hawakupewa likizo. Nikifikiria zamu ya usiku ninamfikiria soja wa geti, muuguzi wa wodi ya kina mama, dereva wa lori aliyesimama Mlolongo. Habari ilifuata watu pale walipokuwa kazini.

Yohana naye hana hori wala wachungaji, lakini ana sentensi moja ambayo Mswahili ameibahatikia kuliko watu wengi: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Tazama neno hilo la mwisho. Katika Kiswahili "kwetu" ni zaidi ya kusema kati yetu. Kwetu ni nyumbani, ni mahali mtu anapoulizwa "kwenu wapi?" akanyoosha mkono. Kwa Kigiriki Yohana aliandika kwamba Neno alipiga hema miongoni mwetu, na hema ni makao ya mtu asiyemiliki ardhi anayolala juu yake. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, hema na kwetu, unapata jambo ambalo mpangaji wa Nairobi anapaswa kulisikia bila kupunguziwa: Mungu alikuja kama anayepanga, na pale alipopanga akapaita nyumbani. Mwelekeo wa safari umegeuka. Kila Desemba sisi tunauliza nani anakwenda kwao. Krismasi inatangaza ni nani aliyekuja kwetu. Ikiwa hilo ndilo kiini, basi hakuna bedsita ambayo ni ndogo mno wala mtaa ulio mbali mno na asili ya watu, na familia isiyosafiri haidaiwi maelezo na yeyote.

Katika sensa ya mwaka 2019, Wakenya tulihesabiwa pale tulipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, tofauti na agizo la Augusto. Nairobi ikapata watu 4,397,073, na kila kaya ilikuwa na wastani wa watu 2.9, dhidi ya 3.9 kwa nchi nzima. Hesabu hiyo inatuambia kitu kuhusu Krismasi. Meza ya Nairobi ni ya watu watatu: mama na watoto wawili, mume na mke na mtoto, au dada wawili wanaogawana kodi. Meza ya watu watatu haina nyanya wa kuomba wala mzee wa kupatanisha.

Kabla sijafika huko, niseme habari za hoja ambayo ni dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosambazwa zaidi kwenye simu ikifika Desemba. Inasema tarehe 25 Desemba ni siku ya mungu jua wa Warumi, kwa hiyo familia ya Kikristo inayoisherehekea inaabudu jua bila kujijua, na heri Krismasi ife. Ukweli wa historia hauko wazi namna hiyo. Ni kweli Kaisari Aureliani aliipa ibada ya jua hadhi ya kitaifa Roma mwaka 274. Lakini kumbukumbu ya zamani zaidi tuliyo nayo ya sikukuu ya huyo "Asiyeshindwa", kama Warumi walivyomwita mungu jua, tarehe 25 Desemba imo katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, na katika mkusanyo huo huo imo orodha, inayodhaniwa kutoka mwaka 336, inayotaja kuzaliwa kwa Kristo Bethlehemu siku iyo hiyo. Nani alimwiga nani, hati hiyo haisemi. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba Wakristo waliipata tarehe hiyo kwa hesabu yao wenyewe: waliamini Kristo alitungwa mimba tarehe 25 Machi, wakahesabu miezi tisa. Saturnalia, sikukuu ya Warumi ya mungu wao Saturni, ambayo nayo hutajwa sana, ilianza tarehe 17 Desemba na kwa kawaida ilikuwa imekwisha kabla ya tarehe 25. Wakristo wa Armenia wanaadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 6 Januari, na Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao hapa Nairobi ni wengi, wanaimba tarehe 7. Kama nguvu ya sikukuu ingekuwa kwenye tarehe, makanisa haya yasingekuwa yanashangilia jambo moja.

Na hoja yenyewe ina kasoro nyingine ambayo msemaji wa Kiswahili anapaswa kuiona kabla ya mtu yeyote. Siku yetu ya ibada tunaiita Jumapili, yaani siku ya pili, kwa sababu juma la Waswahili lilihesabiwa kuanzia baada ya Ijumaa ya Waislamu. Hakuna Mkristo anayeamini kwamba kwa kwenda kanisani Jumapili ameifuata kalenda ya dini nyingine. Siku hupata maana kutokana na Yule anayeabudiwa ndani yake.

Kuna hoja iliyo safi kuliko hiyo: kwamba Biblia haikuamuru Krismasi. Hiyo ni kweli tupu, na Wakristo wanaoishikilia hawastahili dhihaka. Wapresbiteri wa Uskoti waliishikilia kwa karne nyingi. Bunge lao liliyafuta mapumziko ya Krismasi mwaka 1640, na haikuwa siku ya mapumziko ya umma huko hadi mwaka 1958. Wamisionari wao walipohamia Kikuyu mwaka 1898 na kuweka msingi wa kanisa ambalo leo ni PCEA, yaani Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, walitoka nchi ambako tarehe 25 Desemba watu wengi walikwenda kazini kama kawaida. Nalitaja hili kwa sababu linatusaidia. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba mmoja huitofautisha siku na siku, mwingine huziona zote sawa, na kila mtu na athibitike katika akili zake. Kama Krismasi yenyewe haikuamriwa, basi hata zaidi hayakuamriwa mbuzi, nguo mpya, wala tiketi ya basi. Familia ina uhuru. Na uhuru huo unaiuliza itaufanyia nini.

Swali hili ndilo tunalolikwepa sisi tunaobaki. Tumejitetea vizuri kuhusu nauli, kisha siku yenyewe inapita hivi: asubuhi kulala, mchana kula, jioni kila mmoja na simu yake. Kanisa nalo mara nyingi hutuacha hivyo, kwa sababu wachungaji wengi wamesafiri pia na ibada ya tarehe 25 katika makanisa mengi ya jiji ni fupi na viti vingi ni vitupu. Nasema kwa upole lakini nasema: kanisa la Nairobi bado linapanga Desemba yake kana kwamba waumini wote ni wapitaji. Wengi si wapitaji tena. Parokia au kanisa la mtaa lililo na wazee wa nyumba kumi kumi, au jumuiya ndogondogo kama walivyo nazo Wakatoliki, lina njia tayari ya kuwafikia waliobaki. Orodha yao ichukuliwe mapema katika Majilio, na watembelewe kama tunavyowatembelea wagonjwa.

Lakini kazi kubwa ni ya nyumbani. Yale manne niliyoyataja, kupatana, kuombeana kwa jina, kukumbuka na kugawa, hayahitaji shamba. Yanahitaji mtu mzima mmoja anayekubali kwamba sasa yeye ndiye mzee. Hapa ndipo tunaposhindwa. Tumezoea kwamba maombi ni ya nyanya na mahubiri ni ya mchungaji. Sisi wa katikati tumelipa bili tu. Baba anayeweza kuendesha mkutano wa chama saa tatu anaona aibu kumwekea mwanawe mkono kichwani na kumtaja mbele za Mungu. Mama anayejua sura ya pili ya Luka kwa moyo hajawahi kuisoma kwa sauti mezani, kwa kuwa aliisikia kanisani na akadhani inatosha. Watoto wetu, wanaozungumza Kiingereza shuleni na Sheng' kwenye ngazi, watajifunza wapi kwamba babu yao alibatizwa mwaka gani na kwa nini alichagua jina lile? Hakuna kaburi hapa la kuwaonyesha. Kuna picha kwenye simu, na kuna mtu anayejua hadithi, akikubali kuacha runinga ikae kimya kwa nusu saa.

Mwaka 1223, Fransisko wa Asizi alikwenda kijiji cha Greccio huko Italia, akaomba hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, akawakusanya wanakijiji usiku wa Krismasi waone kwa macho jinsi mtoto alivyolazwa. Hakuwapeleka Bethlehemu, aliwaletea Bethlehemu pale walipokuwa. Mila ya pango tunalolijenga makanisani ilipata nguvu kutokana na usiku ule. Watoto wetu walijenga lao kwa boksi la viatu na nyasi walizong'oa kando ya barabara. Bei yake ilikuwa sifuri, na liliwashughulisha wiki nzima kwa maswali ambayo mengine sikuwa na majibu yake.

Kuhusu gharama nitasema machache, maana yamesemwa sana. Mikopo ya simu ya Desemba ndiyo inayozaa ile Njaanuari tunayoichekea kisha inatuliza. Luka anaandika kwamba Mariamu na Yusufu walipomleta mtoto hekaluni walitoa hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na Sheria ya Musa ilisema hiyo ndiyo sadaka ya mama ambaye mali yake haifikii mwanakondoo. Familia Takatifu ilikuwa maskini kwa kipimo kilichoandikwa, na haikukopa mwanakondoo.

Jina hilo, Familia Takatifu, limeandikwa katikati ya jiji letu, kwenye ile basilika ya Wakatoliki iliyo karibu na City Hall, na kalenda yao huitengea Jumapili baada ya Krismasi. Napenda tulitafakari tukiwa hapa hapa. Mahubiri ya Desemba kuhusu familia huwa na picha moja: baba, mama, watoto wawili, wote wanacheka. Familia iliyo kwenye lile jina ilikuwa na mama aliyepata mimba kabla ya kuolewa, mume aliyefikiri kumwacha kwa siri, mtoto ambaye si wa damu yake, na muda si mrefu wote wakawa wakimbizi Misri. Mungu hakungoja wapangike ndipo aje. Mama anayelea peke yake kule Kayole, na nyanya anayelea wajukuu wa marehemu binti yake kule Mathare, wakisikia kanisani kwamba Krismasi ni ya familia kamili, wameambiwa jambo ambalo Injili haikulisema. Vivyo hivyo kwa dada wa kazi ambaye mwajiri wake amesafiri akamwachia nyumba na funguo, na kijana wa bodaboda aliyeogopa kurudi kwao mikono mitupu. Meza ya watu watatu ina faida moja ambayo meza ya kijijini haikuwa nayo: kiti cha nne kiko wazi, na mlango unaofuata uko hatua mbili.

Wazee waliobaki kijijini nao hawajatoka katika hesabu hii. Kumtumia mama pesa kwa simu tarehe 24 na kumpigia kwa dakika tatu si kumheshimu kama tunavyojiambia. Amekaa kwenye kibaraza akisikiliza kila gari linalopunguza mwendo. Kama nimesema kwamba kiini cha Krismasi ni yule aliyekuja kwetu, basi pengine tumekuwa tukipanga safari upande usiofaa, na yule aliyelalamika kuhusu basi linalorudi tupu alitupa jibu bila kujua.

Mama yangu atapanda basi Kakamega tarehe 22 asubuhi. Magari ya kuja Nairobi siku hizo hayana watu. Nauli ni ya kawaida, atachagua kiti cha dirishani na kuweka mzigo wake kwenye kiti cha pili. Atalala chumba cha watoto, nao watatandikiwa godoro sebuleni. Ameniambia anakuja na kuku wawili na Biblia yake ya Kiluhya, na kwamba usiku wa tarehe 24 atasoma yeye, mimi nitawafasiria watoto. Amenipigia tena jana kuniuliza ndugu yangu anayeishi Rongai, ambaye hatujasemezana tangu Machi, kama nimeshamwalika. Nitampigia leo jioni. Soja wa geti nimeshazungumza naye; zamu yake ya tarehe 25 inaisha saa sita mchana, na amesema atapanda ngazi moja kwa moja.